Mlainishaji na Mtani wa Songea

Benigna Kihwele aligusa ubavu wa kitanda-ruka kwa kidole, akiwa Iringa, na papo hapo ubavu uleule ukapinda Songea, Mtwara na Kisumu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mezamoja, meza ya nuru iliyowakutanisha wabunifu waliotawanyika kana kwamba wanakula sinia moja. Ndani yake alikaa Mlainishaji, akili unde iliyomsikiliza kila mtu na kuwafikishia wenzake maneno yaliyokwisha kung'olewa miiba. Tangu aje, hakuna mbunifu aliyemnunia mwenzake.

Kesho kitanda-ruka kingembeba mjamzito wa kwanza, kumpitisha angani juu ya milima ya Ludewa hadi hospitali. Wote walikuwa wamekisifu, na hilo ndilo lililomnyima Benigna raha. Hata Otmari Ngonyani wa Songea alisema, "Kazi nzuri, dada. Labda tuutazame mkao."

Otmari ni Mngoni, Benigna Mhehe. Watani tangu mababu zao walipopigana. Mtani gani huyo wa kusifu? Alihisi amempoteza, na ilimuuma. Akaiacha meza, akampigia simu ya kawaida.

"Otmari, nimekukosea nini?"

"Wewe Mhehe umebuni jeneza lenye mabawa," Otmari akafoka. "Mama ana uchungu, unamlaza chali na kumfunga mkanda tumboni? Wewe ulizaliwa, au ulichimbwa kama kiazi?"

Benigna alicheka hadi akakaa chini. Kisha kicheko kikamkauka, maana ilikuwa kweli tupu.

"Mbona hukusema?"

"Nimekutukana wiki nzima, unanijibu asante. Nikajua umeshakuwa mkubwa, utani huutaki tena."

Waling'ang'ania simu, wakitukanana na kurekebisha: mama alale ubavu, mikanda ihamie mabegani na mapajani. Safari ya kesho Benigna aliiahirisha bila aibu. Moyo wake ulikuwa mweupe.

Mezamoja ilikuwa bado inawaka, imejaa sifa kutoka Mtwara na Kisumu. Huko hakuwa na mtani. Aliitazama kidogo, akainua simu tena.

"Habari za kazi. Mimi ni Benigna wa Iringa," alisema ilipopokelewa Kisumu. "Hebu nitukanie kitanda changu, bila huruma."

Mtu wa upande wa pili akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo.

"Una muda, dada?"