Santuri za Mzee Anyitike

Tusekile alikuwa amekwenda Mwanjelwa kutafuta sweta la mtumba, basi. Desemba ile mvua ya Mbeya haikuwa na huruma, soko limejaa tope na makelele. Mbele ya meza ya vyombo chakavu alimwona mwanaume mrefu, koti la kaki, miwani yenye ukungu, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Juu ya boksi kulikuwa na jalada la santuri, na kwenye jalada, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa baba yake.

Baba yake alikuwa na miezi minane kaburini.

"Samahani, kaka. Hizo umezitoa wapi?"

"Hapa hapa, dada. Nimezinunua sasa hivi." Mwanaume alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. "Jazz ya zamani ya Kimarekani, santuri arobaini na moja! Huyu mama anasema zililetwa na jamaa mmoja mwenye pikipiki."

"Huyo ni kaka yangu, Jofrey. Zilikuwa za baba."

Kicheko kilimkauka. Akamsogezea boksi. "Basi chukua. Mimi sikujua."

Tusekile alilitazama lile boksi. Alijua kwamba hapo mtu husikia kitu, hasira au uchungu, hata aibu tu. Yeye hakusikia chochote. Ilikuwa hivyo tangu msibani, wenzake walipogaragara kwa kilio naye akapakua wali siku tatu kama mtu wa kuajiriwa, mpaka shangazi yake akamwuliza mbele za watu kama huyo aliyelala kwenye jeneza alikuwa baba yake au jirani.

"Kaa nazo," alisema. "Hata gramafoni sina. Nayo ameiuza."

"Basi nipe namba. Nitakupigia, utasikilizia kwenye simu. Naitwa Liberatus, nafundisha fizikia Iringa. Huku nimekuja kusahihisha mitihani."

"Wanaume wa Iringa wote huwa wanaomba namba hivi?"

"Hapana. Wengine wana magari."

Hakucheka. Lakini namba alitoa.

Liberatus akawa anapiga kila Jumatano na Jumapili jioni, Tusekile akishatoka kwenye duka la dawa alikofanya kazi. Baba yake Tusekile, Mzee Anyitike, alikuwa dereva wa treni, na santuri zake nyingi alizinunua Zambia. Nyuma ya kila jalada aliandika siku aliyoisikiliza mara ya kwanza. Liberatus alisoma kwanza maandishi, ndipo akaweka sindano.

"Kamwene, mrembo wa Mbeya! Hii ya leo anasema: 'Kapiri Mposhi, Machi 1986. Injini imekufa. Nimekaa siku tatu, lakini nimepata hii.'"

"Huyo ndiye baba. Angeharibikiwa na nyumba akanunua santuri."

"Sikiliza sasa." Mkwaruzo kidogo, kisha tarumbeta iliyozibwa mdomo, inanung'unika. "Unaisikiaje?"

"Kama mtu amefungiwa kwenye pipa."

"Hiyo ni simu yako, mpenzi, siyo..." Akasita.

"Umesemaje?"

"Nimesema ni simu yako."

"Baada ya simu."

"Tuse, tarumbeta inaendelea. Usinipotezee muziki."

Alizipenda zile jioni, kama kupenda ndilo neno lake. Alijisikia kama mtu aliyelalia mkono mpaka ukafa ganzi: anauona ni wake, anaugusa, lakini habari hazifiki. Pasaka alipanda basi kwenda Kihesa, Iringa, akakaa kwenye kochi la Liberatus lenye kitambaa cha kufuma, akasikiliza santuri saba mfululizo. Mwalimu alimweleza tofauti ya chapa ya kwanza na toleo jipya, namna wataalamu wanavyorudi kwenye kanda za studio, wakafuta vumbi la miaka sitini mpaka usikie mpiga saksafoni akivuta pumzi. Alieleza huku akitembeatembea na mikono hewani. Tusekile alimshika mkono ili akae. Akakaa. Hawakuachiana mpaka upande wa pili ulipokwisha.

Tarehe kumi na nne Juni Tusekile alitimiza miaka thelathini na mbili. Liberatus alimfuata Mbeya, wakakaa kwenye bustani ya hoteli moja, baridi inauma, yeye na tai nyekundu isiyoendana na shati, Tusekile na gauni la kitenge cha kijani na sweta jeusi juu.

"Fungua," Liberatus alisema, akimpa kifurushi.

Ilikuwa santuri yenye jalada la bluu, uso wa mpiga saksafoni nusu gizani. Tusekile aliijua. Baba yake aliitundika ukutani sebuleni miaka yote, juu ya saa.

"Toleo jipya," alisema Liberatus. "Halina mkwaruzo hata mmoja. Utadhani yuko chumbani."

Tusekile akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Ya baba iko wapi?"

"Ile ilikuwa imechoka, Tuse. Ilirukaruka upande mzima."

"Iko wapi?"

"Nilibadilishana na jamaa mmoja wa Dar. Wiki ile ile ya Desemba. Ilikuwa chapa ya kwanza, akaahidi toleo hili likitoka atanipa."

"Nyuma palikuwa na maandishi."

Liberatus alivua miwani. "Palikuwa."

"Yalisemaje?"

"Tuse..."

"Nisomee, kama unavyonisomea siku zote."

Akaongea akitazama meza. "'Juni kumi na nne. Leo binti yetu kazaliwa. Jina bado. Nimempigia upande wa kwanza mara nne.'"

"Na tarehe yangu ya kuzaliwa nilikutajia lini?"

"Januari."

"Januari! Miezi mitano unajua, unanisomea za Kapiri, unanisomea za injini, hii umenyamaza!"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Masikio yake yalikuwa yanawaka, na sauti iliyotoka kinywani hakuitambua. Aliiacha santuri juu ya meza akaondoka. Nyumbani hakulala, alizunguka chumbani akimtukana mwalimu wa fizikia kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuitumia tangu azike.

Liberatus alipiga, hakupokea. Likizo ilipoanza, mwalimu akaenda Dar. Ujumbe wake ulikuja Julai: "Amekwisha kuiuza nje ya nchi, kwa mtu asiyemfahamu. Nimebembeleza siku mbili. Haipatikani tena. Sina cha kujitetea."

Tusekile aliusoma akiwa kazini, akarudi kumhesabia mteja vidonge. Alisubiri hasira ije. Haikuja. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Chai ikawa maji ya moto, Jumapili ikawa siku tu. Ganzi ilikuwa imerudi mahali pake kama mpangaji wa siku nyingi. Na safari hii ilimtisha.

Jumamosi alishuka Iringa, akagonga mlango Kihesa. Liberatus alifungua akiwa na kaptula na kandambili, ameshika mwiko.

"Tuse. Sijaipata."

"Najua."

"Boksi lote nimelifunga. Nilitaka nikuletee."

"Sikufuata boksi." Alibaki kizingitini. "Baba alipokufa sikusikia kitu, Liberatus. Mwaka mzima na zaidi. Siku ile hotelini ndipo nilipojua bado niko hai. Nilikuchukia mpaka sikulala."

"Na sasa?"

"Sasa sisikii tena. Ndiyo maana nimekuja. Nimechoka kukaa peke yangu bila kusikia kitu. Afadhali nikae na wewe, unikasirishe."

Liberatus aliutazama mwiko kana kwamba hajui umefikaje mkononi. "Hiyo ni nini? Umenisamehe?"

"Bado. Nitakusamehe nikiweza. Agosti mlete mshenga kwa mama. Na mwambie ajiandae, kwetu wanataka ng'ombe, hawataki santuri."

"Tuse, unaniposa?"

"Nani amekuposa? Nakupa ratiba." Harufu ya kuungua ikatoka ndani. "Mboga yako inaungua, mwalimu."

Akampita, akaingia jikoni akaepua sufuria, akamgombeza kwamba mtu mzima hawezi kuchemsha maharage bila kutia maji. Aligomba muda mrefu. Liberatus alikaa kwenye stuli nyuma yake, mikono magotini, asimkatize hata neno moja.