Ukungu wa Kwasele

Kila alfajiri, mbawa kumi na mbili za kivunaukungu, mtambo wa kuvuna maji ya ukungu, zilikunjuka juu ya kilele cha mlima, zikaunasa ukungu na kuukamua. Nyuzi za mbawa hizo, nyembamba kuliko utando wa buibui, zilipitishwa umeme mdogo uliovuta chembe za maji zilizoelea hewani. Akili mnemba ya mtambo ilisoma upepo na kuzigeuza mbawa upande unaofaa. Jua lilipochomoza, lita elfu sitini za maji safi zilikuwa zikiteremka mabombani hadi kijiji cha Mkirindi.

Mhandisi Nakiete ndiye aliyeubuni mtambo huo, na ndani ya mwaka mmoja alikiona kijiji alichozaliwa kikibadilika. Wanawake waliokuwa wakitumia saa nne kwenda kuchota maji korongoni na kurudi sasa walipanda nyanya na vitunguu nyuma ya nyumba. Wasichana waliacha kuchelewa shule. Mganga wa zahanati alimwambia kwamba wodi ya watoto wanaoharisha imekaa miezi mitano bila mgonjwa, naye ameigeuza stoo.

Asubuhi moja dada yake, Naetwe, alifika kwa miguu kutoka Kwasele, ng'ambo ya mlima, alikoolewa. Ndiye aliyemlea Nakiete baada ya mama yao kufariki. Alikaa, akakataa chai, akaeleza kwa sauti ya chini. Chemchemi yao ilianza kupungua tangu kiangazi, kisha ikakauka kabisa. Wakawa wanachota kwenye bwawa la ng'ombe. Mjukuu wake Nanzia, wa miaka minne, aliharisha siku mbili tu.

"Tumemzika juzi," alisema. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Ulijua?"

Nakiete alijua. Mwezi wa tatu baada ya mtambo kuwashwa, akili mnemba ilimwonyesha kwamba ukungu uleule ndio uliokuwa ukidondokea msitu wa Kwasele na kuilisha chemchemi. Ilimshauri afunge nusu ya mbawa. Yeye aliona watu wa Mkirindi ndio kwanza wanapumua, akaamua kungoja masika, akaizima ile tahadhari. Masika hayakuja kwa wakati.

"Nilijua, dada."

Naetwe alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Siku hiyohiyo Nakiete alipanda kileleni akazikunja mbawa zote kwa mikono yake. Mkutano wa kijiji ulikuwa mkali. Wapo waliomwita msaliti. Mama mmoja alimuuliza, bila hasira, kama anataka binti yake aache shule arudi korongoni. Mwishowe walikubaliana mbawa sita zifunguliwe, maji yatoke siku moja yapumzike siku moja. Ndoo zikaanza tena kuonekana kwenye njia ya korongoni.

Chemchemi ilichukua wiki saba kuanza kutiririka. Nakiete aliposikia, alivuka mlima, akamkuta dada yake akichota kwa kata. Alitaka kumbebea ndoo. Naetwe akajitwisha mwenyewe. Walitembea hadi nyumbani, kando ya kaburi fupi lililokuwa bado na udongo mwekundu.

"Maji yamerudi," Naetwe alisema. "Na wewe rudi kwako, mdogo wangu."

Akaingia ndani. Nakiete alibaki pale, ukungu ukimlowesha kichwa na mabega, mpaka aliposikia mlango ukikomewa.