Mwiba Kwenye Njia ya Ulaya

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mikumi iliamka na baridi kali, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba milima haikuonekana mpaka saa mbili.

Kando ya barabara kuu, malori yalikuwa yakinguruma na wauza mayai wakikimbilia madirisha ya mabasi. Katikati ya kelele hizo Costancia alikuwa amepiga magoti, anakaza gurudumu la mwisho. Alivaa bwelasuti ya bluu na kilemba chekundu. Ufundi wa baiskeli aliurithi kwa baba yake, Mzee Bonifas wa Kilosa, na siku hiyo alikuwa amekodiwa kusindikiza wageni sita wa Dar es Salaam, waliovaa nguo za kubana na kofia ngumu. Walitaka kwenda Kilosa kwa baiskeli, kwa njia ya changarawe, kijiji baada ya kijiji.

"Dada fundi, na yangu iangalie," sauti ilisema nyuma yake.

Spana ilimponyoka. Sauti ile aliijua kuliko ya kengele ya kanisa.

Alikuwa Elikana, mwenyeji wa milima ya Lumuma, mwembamba na mrefu, na fulana ya njano yenye neno KIONGOZI kifuani. Hawakuwa wameonana kwa miezi kumi na minne.

"Umerudi lini?" Costancia aliuliza bila salamu.

"Kutoka wapi?"

"Ulaya."

"Ulaya?" Elikana alimtazama, kama anayengoja swali lingine. "Kule nilikaa wiki tatu tu, Costa. Wangeniruhusu ningetoka mapema."

"Wiki tatu tu! Pole sana. Na chakula ulipata?"

"Walinitunza. Kina mama wa kule wana moyo, sikufichi."

"Kina mama!" Costancia alicheka kicheko kikavu. "Hukutosheka na mmoja."

"Mmoja yupi? Costa wangu, hebu nisikilize..."

"Costa wako alikufa. Huyu ni fundi. Weka baiskeli hapo, uondoke."

Filimbi ya wageni ililia, na Elikana akaitwa kuwapanga. Costancia alibaki na baiskeli ya Elikana mkononi.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, Elikana aliahidi kuleta barua ya posa. Nyumbani kwa Mzee Bonifas kuku walichinjwa, shangazi walifika kutoka Rudewa, na Costancia alivaa gauni jipya la kitenge. Walisubiri tangu saa nne mpaka chakula kikapoa. Simu ya Elikana haikupatikana. Hatimaye Costancia alimpigia Ditram, rafiki wa Elikana.

"Elikana? Yuko Ulaya, shemeji," Ditram alipiga kelele, mvua ikimkata sauti. "Kaondoka na mama mmoja, alfajiri..." Simu ikakatika.

Watu wa Kilosa wote wanajua kuna Ulaya mbili. Moja ni ya ndege. Nyingine ni kijiji cha hapa hapa wilayani, kwenye njia ya kutoka Mikumi. Siku nyingine Costancia angeuliza ni ipi. Lakini miezi miwili kabla, mama mmoja wa Kizungu aliyekuja kuendesha baiskeli alikuwa amemwahidi Elikana tiketi, na mji mzima ulilisema jambo hilo. Siku ile hakuuliza. Kesho yake alipanda basi kwenda Morogoro, akabadili laini, akajifungia kwenye karakana ya binamu yake. Kila baba yake alipopiga simu na kuanza, "Mwanangu, yule kijana...", alikata.

Na aliomba. Kila jioni, akitoka darasa la kujiendeleza, alipiga magoti na kumweleza Mungu mambo yote kwa utaratibu, kama mtu anayeandika barua kwa mkuu wa wilaya. Mwisho wa kila sala aliweka ombi lile lile: "Bwana, nipe siku moja tu. Nimwone naye akisubiri barabarani, watu wakimtazama."

Siku yenyewe ilikuwa imefika. Aliangalia kushoto na kulia. Kichakani aling'oa mwiba mrefu wa mgunga, akauchomeka kwenye tairi la nyuma, ncha ikagusa tu tyubu. Kisha akafungua mkoba wa Elikana uliofungwa chini ya kiti, akatoa pampu na viraka, akavitia mfukoni mwake.

"Asante, Bwana," alinong'ona. Akaufunga mkoba, akasimama.

"Leo mimi natangulia," aliwatangazia wageni. "Kiongozi atafuata nyuma, asije mtu akapotea."

Njia ilipanda na kushuka. Changarawe ililia chini ya magurudumu, vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye kope. Walipita mashamba ya mahindi makavu, ng'ombe wa Wamasai, watoto waliowakimbilia wakipiga makofi. Costancia alikanyaga pedeli kwa raha mbaya. Saa tano simu ililia. Asubuhi wote walikuwa wamepeana namba.

"Fundi, nina pancha," Elikana alisema, anahema. "Na pampu siioni."

"Ooh, pole, mpenzi."

"Mpenzi tena? Basi rudi unisaidie."

"Nina wageni. Subiri. Kusubiri kunafundisha, mimi nilifundishwa siku nzima na gauni la kitenge."

"Costa, mguu huu haupendi kutembea mbali..."

Alikata simu. Alicheka peke yake mpaka mgeni mmoja akamuuliza kama yuko salama.

Mchana waliingia kijiji cha Ulaya na kushuka kwenye kibanda cha chakula. Mama mtu mzima mmoja alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na Elikana wetu yuko wapi? Wageni hawa si ndio wake?"

"Elikana wenu?"

"Wetu! Teresia, njoo, wageni wa mwokozi wako wa barabarani wamefika."

Mwanamke kijana alitoka jikoni na mtoto mgongoni, akafuta mikono kwenye kanga. Alimtazama Costancia na kilemba chake.

"Wewe ndiye Costa," alisema taratibu. "Alikutaja mpaka tukakuchoka."

"Alinitaja wapi?"

"Hapa. Mwaka jana, mwezi wa nne. Uchungu ulinishika alfajiri, mvua inanyesha, magari hayapiti. Yeye alikuwa anapita na baiskeli, anawahi kwenu. Akanipakia nyuma. Kabla ya zahanati tuliteleza, kando ya mto. Mimi nikaangukia majani, yeye mguu ukavunjika. Simu ilizama mtoni. Wiki tatu alilala hapa, ana barua yake ndani ya mfuko wa nailoni, wino umechuruzika wote."

Costancia alikaa chini pale pale, juu ya gunia. Miezi kumi na minne ya sala ilimrudia, na kila neno lilikuwa lake, si la Mungu.

Aliinuka. Alipanda baiskeli, akarudi alikotoka.

Alimkuta Elikana baada ya nusu saa, anasukuma baiskeli huku anachechemea, fulana imelowa jasho. Costancia alitoa pampu na viraka mfukoni, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Elikana alivitazama, kisha akauchomoa mwiba, akaugeuza vidoleni.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Elikana, mimi nilidhani Ulaya ya..."

"Najua ulidhani ipi. Baba yako aliniambia nilipokwenda na magongo yangu. Nikasema atauliza. Nimengoja uulize." Macho yake yalikuwa makali. "Shuka."

"Nini?"

"Nipe baiskeli yako. Hii sukuma wewe."

"Niizibe pancha kwanza?"

"Sikusema uzibe. Nimesema usukume."

Alisukuma jua likiwa utosini. Elikana alikwenda kando yake polepole, na kila kilima kilipofika alimngojea juu, anamtazama anavyopanda. Walipoingia kijijini kina mama walikuwa wamesimama barabarani na wageni sita na vikombe vyao vya chai.

"Mwambie kila mtu," Elikana alisema. "Wote walinihudumia. Wana haki."

"Na nikisema, utaleta barua?"

"Nitaleta. Kusamehe, sijui kutachukua siku ngapi. Sema."

Costancia alisimamisha baiskeli, akavua kilemba, akapaza sauti mpaka kinyozi mzee wa ng'ambo ya barabara akazima mashine yake.

"Mimi Costancia, binti wa Bonifas, ndiye niliyemtobolea huyu tairi, kwa kisasi cha kosa ambalo hakulitenda. Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi: neno lolote nitakaloambiwa juu ya Elikana, nitakwenda kumuuliza mwenyewe, uso kwa uso, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama."