Unga Uliosingiziwa

Ndugu zangu, asubuhi ile nyumba ilikuwa na amani. Mume na mke, vijana wenye nyumba yao ya kwanza, walikuwa wakimalizia sebule. Kuta zilikuwa za bodi za jipsamu, na mume alitaka kuziba maungio kwa mikono yake mwenyewe. Mke alikuwa akikata utepe wa kubandika kwenye maungio huku akiimba pambio.

Mume huyu alikuwa dereva wa lori, mchangamfu sana. Lakini wenzake walimbandika jina la Si-Mimi, maana hakuwahi kukosea. Gia ikikwama, kosa la gia. Akichelewa, kosa la saa.

Akatia maji ndooni, akanyunyiza unga wa jipsamu, akakoroga hadi ukawa laini. Kabla hajapaka hata ungio moja, ukaganda. Akautupa, akakoroga mwingine katika ndoo ileile. Nao ukaganda.

"Umenipa maji ya moto?" akamfokea mkewe.

"Ya bombani hayo, mume wangu. Yaguse."

"Basi kaka yako katuuzia unga mbovu!"

Kaka wa mke ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaani. Si-Mimi akaenda mbio, akapayuka mbele ya wateja: "Shemeji, unga wako umeoza! Unatuibia!"

Wateja wakairudisha mifuko yao kaunta.

"Mimi, shemeji? Nimwibie dada yangu?" akauliza mwenye duka.

Fikirini, ndugu zangu: jina jema la mtu, na undugu wa nyumba mbili, viliponzwa na fokafoka ya dakika moja.

Nyumbani, mke aliomba kimoyomoyo. Kisha akachota unga uleule, akaukoroga katika beseni safi. Mume aliporudi alikuta ungio zima limezibwa, na unga bado laini.

"Huu umeutoa wapi?"

"Mfuko uleule. Chungulia ndoo yako."

Ndani mlikuwa na magamba ya unga mkavu, mabaki ya majaribio yake ya siku za nyuma. Hayo ndiyo yaliyougandisha unga mpya.

"Nani hakuosha..." akaanza. Mke akamsogezea ndoo karibu.

"Ni mimi," akasema polepole.

"Sijasikia vizuri."

"Ni mimi, mke wangu!"

"Asante. Sasa kamwambie kaka yangu. Na useme palepale uliposimama ukimtukana."

Akaenda, ameikumbatia ndoo. Wateja walikuwa bado wananong'ona. Akaiinua wote waione.

"Unga ni mzima. Mchafu ni mimi na ndoo yangu. Shemeji, nisamehe."

"Kwa hiyo tununue?" akauliza mama mmoja.

"Nunueni, lakini osheni ndoo!"

Duka zima likaangua kicheko. Shemeji mtu akachukua mwiko. "Twende tukamalize sebule ya dada yangu," akasema, "na ndoo nitaiosha mimi. Wewe sikuamini."

Mafunzo

Tabia ya kulaumu wengine huvunja jamaa. Kabla hujamchafulia mtu jina, jikague mwenyewe. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani. Mungu atujalie ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi".