Aliyeandikwa Yupo

Mama Shughuli alishukuriwa kwa mashuka ambayo hakuyafua.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alimshika mkono asubuhi ile zahanatini, akamwambia Mungu amzidishie, jana amemtoa katika uchafu na kumtandikia upya kama mtoto. Mama Shughuli akaitikia amina, maana mtu akikuombea dua huanzi kumhoji. Lakini jana hakukanyaga zahanati. Jana alishinda juu ya ngazi nyumbani kwake akipaka rangi chumba cha kulala, na kiuno kilikuwa bado kinamuuma.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu hakujua kukaa. Mumewe, mpima ardhi, alikuwa amesafiri miezi miwili kupima njia ya barabara mpya, na badala ya kumngoja kwa utulivu kama wanawake wengine, yeye akajitwika kazi. Nyumba nzima ipakwe rangi kabla hajarudi. Ua lichimbwe, lipandwe maua. Na kila asubuhi zahanati, kwenye kikundi cha akina mama wa kujitolea, kufua na kulisha wagonjwa. Mikono miwili, kazi za watu wanne. Ndiyo maana wakamwita hivyo.

Siku zilizomshinda, aliandikiwa. Mlangoni kulikuwa na daftari la mahudhurio, na asiyeonekana siku tatu mfululizo alipoteza nafasi, basi shoga humwandikia shoga. Wake alikuwa msusi, mwanamke mweupe wa meno na mwepesi wa kicheko. Ukimpigia kumwomba, anakujibu kwamba ushaandikwa zamani, endelea na ngazi yako. Hakuna aliyeona dhambi hapo. Na jana pia aliandikwa.

Kwa hiyo mawazo yake ya kwanza hayakwenda kwa majini, yalikwenda kwa msusi. Alimfuata pa kufulia, akamuuliza kwa kuzungukazunguka. Msusi akacheka mpaka akashika ubavu. Si walifua wote jana, huyu anakamua yule anaanika? Tena alimpa maji, akayakataa. Mama Shughuli akacheka naye, ila moyoni akaanza kumpima.

Jioni mume akapiga simu, akasema yale maneno ya jana asubuhi yamemliwaza sana. Maneno gani? Wameongea nusu saa, kwani amesahau?

"Kwa simu ya nani?" akauliza mke, polepole.

"Ya shoga yako msusi. Si ulisema yako imezima?"

Simu yake haikuzima. Jana ilikaa juu ya meza tangu alfajiri, naye yuko ngazini. Kesho yake aliporudi kutoka zahanati alikuta chumba kinanuka nywele zilizoungua, na nani ananuka nywele zilizoungua kama si msusi na pasi yake ya kunyooshea? Ukuta wa pili, aliouacha mtupu, ulikuwa umepakwa. Mto wa mume ulikuwa na shimo la kichwa. Akaukunguta, akautazama ukuta kwa karibu. Brashi ilipita kama anavyopitisha yeye, kwa mkono wa kushoto, pembe zimeachwa za mwisho. Msusi hatumii kushoto. Hilo aliliona, akalisukuma kando, maana wivu ni mtamu kuliko woga.

Akatega mtego. Asubuhi akaomba aandikiwe kama kawaida, kisha akaenda zahanati kwa njia ya nyuma, akachungulia dirisha la chumba cha bandeji. Wanawake watano walikaa wakikunja, msusi katikati anapiga domo, na pembeni yake mmoja amegeukia ukutani, mgongo ule ni wake, aproni ni yake, na kitambaa cha kichwa ni kile alichokifunga mwenyewe asubuhi na ambacho wakati ule ule alikigusa akakikuta bado kichwani pake, na mikono ya yule ilikunja bila kupumzika wala kukosea, mpaka ghafla ikasimama, akainua pua bila kugeuka, akanusa hewa ya dirishani taratibu kama mtu aliyesikia chungu kinaungua jikoni kwake.

"Usikimbie," ilisema sauti nyuma yake. "Akikuona unakimbia atajua unamwogopa."

Alikuwa mkunga mstaafu, bibi aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu.

"Unamwona na wewe, bibi?"

"Wiki ya tatu sasa. Nilidhani ni pacha wako. Ana adabu kukuzidi."

Akamvuta hadi nyuma ya tangi la maji, akamnong'oneza. Jina likiandikwa kwamba yupo na mwenyewe hayupo, linabaki wazi kama nyumba isiyofungwa, na jini hapendi kitu kama nyumba ya bure. Huyo ameingia kwa daftari. Sasa amezoea, kila unapopaacha, anakaa.

"Atoke vipi?"

"Kaa kwako siku saba, na uandikwe hupo. Hupo, hupo, mara saba, atachoka ataondoka. Ukiandikwa upo hata mara moja, mwanangu, yeye atakuwa wewe, na wewe sijui utakuwa nani. Kamwambie shoga yako sasa hivi."

Alikwenda nyumbani. Njiani aliwaza mengi, na yote yalikuwa ya kijinga. Yeye akampigie magoti msusi? Yule aliyemwazima jini simu aongee na mume wa watu nusu saa? Huenda wako pamoja. Asipoambiwa ataelewa mwenyewe, kimya nacho ni jibu. Akazima simu.

Siku saba hakutoka. Alimalizia rangi akiwa amevaa shati kuukuu la mumewe na gunia kiunoni. Usiku alisikia maji yakimwagwa bafuni, na chumba cha pili brashi ikipita, shwaa, shwaa, lakini kila siku sauti ilififia, au alijiambia imefifia. Siku ya saba, siku ya mume kurudi, nyumba ilinyamaza kabisa. Akawasha simu kuuliza basi limefika wapi, na kabla hajabonyeza ikaita.

"Shoga, ulizima simu, nikajua uko ngazini," alisema msusi. "Usihofu, nafasi yako ipo. Nimekuandikia siku zote saba kabla hujafika."

Mama Shughuli akatazama mlango wa chumba cha pili.

"Na leo umependeza," msusi akaendelea. "Nimekusuka mwenyewe, nikakusindikiza mpaka stendi ukampokee mzee. Sasa mzee ameshafika?"

Geti lililia. Mume aliingia akicheka na mtu, begi begani, akamkuta mwanamke mwenye rangi usoni na shati lililochanika, amesimama sebuleni na brashi mkononi. Akamtazama kwa heshima ile ile aliyowatazamia watu wa njiani.

"Habari za kazi, mama?"

"Ndiye fundi niliyekwambia," alisema aliyekuwa nyuma yake, kwa sauti ya Mama Shughuli, akimvua koti. Nywele zilikuwa mpya, zimenyooshwa, na bado zilinuka. "Alikuwa anamalizia. Anaondoka sasa hivi."

Mume, kwa kuwa ni muungwana, akasogea pembeni ya mlango kumpisha apite.