Taa ya Kitinda

Jua lilikuwa linazama dobi aliposukuma baiskeli hadi mlangoni kwa fundi. Hakuipanda. Tangu alipoikusanya kipande kwa kipande, hakuwahi kuipanda hata mara moja, wala hakumruhusu mtu aguse kiti chake. Na njia nzima harufu ya mkate wa moto ilimfuata, ingawa kapu la nyuma lilikuwa tupu.

"Karibu dada yangu," fundi alisema, akisugua goti lake. "Leo umeniletea mgonjwa gani?"

"Mzima huyu. Anataka taa ya nyuma tu."

"Ya namna gani?"

"Inayowaka sana. Na isiyozimika njiani."

Fundi akacheka. Alikuwa na ulimi mtamu, hilo hata adui yake asingelikataa, na dobi alikuwa adui yake. Alikuja pale ili fundi afe. Usiku baada ya usiku, mikono ikiwa bado imekunjamana kwa sabuni, alikuwa ameilea nia hiyo mpaka ikakomaa.

Mdogo wake, kitinda wa nyumba yao, alikuwa akisambaza mikate ya tanuri kwa baiskeli hiyo. Nyumbani hakuitwa jina lingine, ni Kitinda tu, hata alipoota ndevu. Jioni moja lori lilimgonga kwa nyuma na kumuua kwenye mteremko ulio mbele ya duka la fundi. Dereva alilia mpaka akakaa chini, akaapa kwamba hakuona taa. Na kweli, taa haikuwepo machoni pa mtu. Ile aliyouziwa na fundi ilikuwa imewaka vizuri dukani, ikafa barabarani.

Baadaye watu walimwambia dobi kile ambacho mtaa mzima ulikijua na kukicheka. Fundi hutembea na betri mbili mpya mfukoni mwa shati, za kujaribia. Taa yoyote atakayokuonyesha itawaka mpaka ufumbe macho. Kisha akigeuka kukufungia, betri zake zinarudi mfukoni, na wewe unaondoka na zilizochoka, alizozianika juani zikapata uhai wa dakika chache.

Watu hucheka mambo kama hayo mpaka yawakute.

Dobi hakucheka. Alimwendea bibi mmoja anayeogopwa kuliko anavyopendwa, naye akamsikiliza hadi mwisho. "Baiskeli iko wapi?" bibi aliuliza. Fundi alikuwa ameinunua kama chuma chakavu, akaiuza vipandevipande. "Basi ikusanye," bibi alinong'ona. "Kiti, magurudumu, usukani, yote. Kipande cha mwisho kifungwe na mkono uliomponza. Atakayeipanda, mdogo wako atampakia. Ila usimwite. Akilisikia jina lake kinywani mwako, ataijua njia ya kurudi kwako."

Akakusanya. Kiti alikipata kwa mlinzi wa shule, gurudumu la nyuma kwa muuza mkaa, usukani kwa mwanamke aliyekuwa anautumia kuning'iniza sufuria. Ilibaki taa. Na kumpandisha fundi haikuwa kazi, kwa sababu fundi alikuwa na mila yake. Hamkabidhi mteja baiskeli kabla hajaiendesha mwenyewe mpaka kwenye kona ya tangi la maji na kurudi. Alijisifia hilo kila siku.

Binti yake akatoka ndani na stuli. Alikuwa msichana mkubwa, uzi umemning'inia shingoni, maana alishona nguo chumba cha nyuma. Aliifuta stuli kwa upindo wa kanga.

"Kaa mama, umechoka. Ukimsikiliza baba akisifia taa, patakucha hapa."

Dobi akakaa. Hakutaka kumtazama usoni.

Fundi akamimina kasha la taa mezani. Akachukua ya kwanza, akaifungua, akatia betri za mfukoni. Ikawaka.

"Kioo chake chembamba," dobi alisema. "Mvua ikinyesha maji yataingia."

Ya pili. "Kibano hiki kitalegea kwenye mashimo."

"Dada, umewahi kuwa fundi nini?"

"Nimewahi kufiwa."

Fundi akadhani ni mzaha, akacheka peke yake. Akachukua ya tatu. Dobi akainuka taratibu kwenye stuli.

Kioo kilikuwa na ufa pembeni. Juu ya ufa, mstari mnene wa rangi ya kucha.

Rangi yake. Yeye mwenyewe aliupaka mstari ule mezani kwao, Kitinda akimtania kwamba sasa taa imekuwa bibi harusi. Fundi alikuwa ameibandua kwenye baiskeli iliyopondeka, akaipangusa, akairudisha kashani iuzwe tena. Huenda damu aliipangusa kwa kitambaa kile kile kilichokuwa begani mwake sasa. Dobi akainyooshea kidole.

"Hii," alisema.

"Hii? Hii si... sawa. Macho yako yanaona mbali. Hii ndiyo yenyewe." Akatia betri. Taa ikawaka nyekundu kali, ukuta wote ukabadilika rangi. Fundi mwenyewe akashtuka kidogo.

Dobi alikuwa amejiwekea sharti moja moyoni, na mtu asimwulize kwa nini. Labda ni ile stuli iliyofutwa. Fundi akiziacha betri mpya ndani, angeichukua baiskeli, airudishe nyumbani na kuivunja kwa nyundo.

"Nifungie," alisema. "Uniachie betri nzuri, fundi. Nakuomba."

"Aah, dada yangu. Mimi na wewe tena?"

Akageuka. Bega lake likapanda, likashuka. Kitu kikagongana mfukoni mwa shati, kidogo tu... tik.

Basi.

Alipoikaza skrubu ya mwisho, kengele ya usukani ililia. Hakuna aliyeigusa. Harufu ya mkate ikajaa dukani, nzito, ya moto, mpaka binti akauliza kama jirani ameanza kuoka.

"Naijaribu mpaka konani, nakuletea," fundi alisema, akanyoosha mguu, akakunja uso.

"Baba, na goti hilo? Niachie mimi."

Na kabla dobi hajavuta pumzi, msichana alishakaa kwenye kiti na kusukuma. Kanga yake ikapepea. Taa nyekundu ikaanza kushuka mteremko.

Dobi alitoka mpaka ukingoni mwa barabara. Nyamaza, alijiambia. Fundi naye aonje. Naye aoshe maiti ya mtoto aliyemlea. Ilikuwa haki, na utamu wake aliusikia hadi kwenye meno.

Taa ikapepesa.

Ikazimika.

Nyuma yao, juu ya mteremko, lori likanguruma.

"Mama, umechoka," msichana alikuwa amemwambia. Hilo tu. Neno la mtu asiyekudai kitu.

"Kitinda!" Sauti ilimtoka kabla ya akili. "Kitinda, mwache! Siye huyo!"

Lori likapita, vumbi likafunga kila kitu. Kisha nyayo... na binti akatokea akiikokota baiskeli, kiatu kimoja hakipo.

"Kuna mtu alikuwa nyuma yangu," alinong'ona. "Alinishika mgongoni. Breki hazikukamata. Kisha akaniachia, akanisukuma kando."

Alipogeuka waliona. Juu ya blauzi yake nyeusi palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya unga.

Fundi hakuitazama sana. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulitoka kama hasira. "Hakuna mtu! Ni betri hizi tu." Akaifungua taa, akazitoa zile zilizochoka, akazitupa mchangani. Kisha akatia mkono mfukoni mwa shati na kutoa zile mbili mpya.

Dobi aliziangalia zikiingia. Kwa mgongo wa mdogo wake hazikupatikana. Kwa mgongo wake yeye fundi, zilikuwepo siku zote.

"Ngoja niwaonyeshe," fundi alisema, akapanda. "Mpaka konani na kurudi."

Binti akamtazama dobi. Safari hii dobi hakumwita mtu.

Taa iliwaka vizuri mno. Ilishuka mteremko ikiwa nyekundu, imara, haipepesi. Ilifika kwenye kona ya tangi la maji. Haikugeuka. Walimsikia fundi akiita, mara moja, jina la binti yake. Halafu kengele, ndefu, yenye furaha, kama Kitinda alivyoipiga akifika nyumbani na mikate iliyobaki. Taa ikaendelea mbele penye giza, ikawa nukta.

"Mbona harudi?" binti aliuliza.

Dobi aliifuata nukta kwa macho.

"Mama." Msichana alisema polepole, machozi bado hayajaanza. "Mimi uliniitia. Kwa baba mbona ulinyamaza?"

Dobi alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, alikuwa amelibeba miezi yote hiyo, zuri na la haki. Lakini macho yake yalikuwa kule mbali, kwenye ile nukta.

Taa ya nyuma humwonyesha anayekwenda. Hupungua, hupungua, hupotea.

Ile ilikuwa inakua, kama inayoijua njia.

Harufu ya mkate ikaja kwanza.