Masizi ya Kidole Gumba

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nyumba yetu ilijaa watu na vicheko. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, na kutwa wageni waliingia chumbani kumbeba mtoto.

Shangazi ndiye aliyemuuguza dada. Alitoka jikoni, akajifuta mikono kwenye nguo yake, akafungua bandeji atazame kidonda.

"Shangazi, nawa kwanza kwa sabuni," nilimwambia.

"Mwanangu, mikono hii ndiyo iliyokulea."

Nani angemsikiliza mtoto wa juzi?

Haikupita wiki, kidonda kikavimba na kutoa usaha. Dada akawa na homa kali. Nilikimbia kumwita mwalimu wangu wa uuguzi, jirani yetu. Tulimwita Mwalimu Polepole, kwa kuwa hakuwa mtu wa haraka. Siku hiyo alikuja mbio.

"Huyu aende hospitali sasa hivi," alisema.

Dada alilazwa, akasafishwa kidonda, akapewa dawa. Aliporudi, Mwalimu alikuja tena. Hakumgombeza mtu. Alichanganya masizi na mafuta, akatupaka mikononi, shangazi na mimi.

"Fumbeni macho. Naweni kwa sabuni mpaka mridhike."

Tulisugua weee. Tulipofumbua macho, viganja vilikuwa safi, lakini kucha na vidole gumba vilikuwa vyeusi. Hata vyangu! Shangazi alicheka hadi machozi.

"Vijidudu hujificha hapo hapo, ila havionekani," alisema Mwalimu. "Sugua viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, kucha na vidole gumba. Suuza kwa maji yanayotiririka. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Bandeji mwachieni muuguzi."

Shangazi aliitazama mikono yake. "Kumbe ndiyo iliyomuumiza mwanangu?"

"Ilimhudumia kwa upendo," Mwalimu alimjibu. "Sasa iongezee sabuni."

Kesho yake shangazi aliweka ndoo ya bomba na sabuni mlangoni. Mjomba alipofika, mikono mbele, alimzuia.

"Shemeji, mikono kwanza, salamu baadaye."

Kidonda kilipona. Mtoto akanenepa.

Shangazi hayupo tena, na mtoto yule sasa ni binti mrefu kunishinda. Mara nyingine, nikinawa wodini, huisikia sauti ya shangazi pale mlangoni. Basi husugua tena.